Chupa ya Kumi na Moja

Butembo, 7 Septemba

Yaya Kavuo, dada yangu mkubwa, leo ni Jumapili. Mvua ilianza kabla ya misa na bado inanyesha. Ninafungua daftari hili kwa ahadi niliyokupa kwenye simu: nitaandika yote. Uliniambia kwamba wewe huko Pretoria utaona unga mweusi tu ndani ya chupa, hutaona mikono yetu, na kwamba daftari la kazi linaloficha makosa halisaidii mtu. Basi nitaandika siku nzuri na siku mbaya, nitaandika hali ya hewa, na nitaandika watu, kwa sababu ulisema, "Niambie hata nani alikuwa karibu na moto." Ninaandika kwa kalamu ya wino, siyo penseli, ili nisiweze kufuta.

Kifurushi chako kilifika kizima. Bomba la kioo cha kwarzi halikupasuka. Kuna waya wa kupima joto, chupa ndogo ishirini, visahani vitatu vya kauri nyeupe vyenye urefu wa kidole, na pakiti ya chumvi ya chuma na kobalti ya kutia kwenye kisahani, ambayo Prof Maliro anasema itatosha mara nane.

Ninaandika hapa ninavyoelewa, nawe utanisahihisha. Mvuke wa mafuta ukipita juu ya chembe ndogo sana za chuma, kwenye moto wa digrii mia saba na hamsini, mafuta yanavunjika na kuacha kaboni. Chembe ya chuma inaimeza kaboni hiyo mpaka inashiba, halafu inaitoa upande mwingine ikiwa imejipanga kuwa mrija, mwembamba kuliko unywele mara elfu nyingi. Chuma chenyewe hakipungui. Ndiyo maana kinaitwa kichocheo. Lakini chembe zikiwa kubwa, hakuna mrija. Yanatoka masizi, kama ya taa ya mafuta. Na kwa macho yetu masizi na mirija ni vyeusi vyote viwili, hakuna wa kuvitofautisha hapa. Wewe una saa moja ya hadubini kubwa tarehe 18 Desemba. Kwa hiyo chupa zitoke Butembo mwanzo wa Desemba.

Walio karibu na moto ni hawa. Papa, kwa sababu tanuru tutalijenga kwenye karakana yake hapa Mususa, na gesi ya argon ni ile anayotumia kuchomelea sufuria za aluminiamu zilizotoboka. Prof Maliro, mwalimu wetu wa kemia wa mwaka wa tano. Asma, ninayeketi naye dawati moja, binti wa Papa Yassini mwenye lori. Na tangu Agosti yuko Tante Vagheni, dada mkubwa wa Papa.

9 Septemba

Mvua. Tumekula fufu na sombe ya majani ya muhogo. Tumechonga matofali ya tanuru.

13 Septemba

Jaribio la kwanza. Papa aliwasha makala ya mkaa, akafungua kipepeo cha kupulizia moto. Joto lilipanda hadi digrii 690 likakataa kuendelea. Prof alitia mawese kwenye kichupa cha mwanzo wa bomba, nikafungua argon kidogo. Moshi wa njano ulitoka upande wa pili, ukanuka kama kaango lililoungua. Ndani ya kisahani: kitu kama lami. Nimekikwangua nikakitia chupa namba 1. Prof alisema, "Tumepata rangi ya viatu." Papa alicheka mpaka akakaa chini.

17 Septemba

Sikukuambia mambo ya Tante kwenye simu kwa sababu Papa hakutaka akili yako ihame kwenye mitihani. Sasa mitihani imekwisha, ninaandika.

Unamkumbuka Tante akicheka, na ile nyumba yake nyuma ya Oicha yenye kakao mpaka mlangoni. Nyumba haipo tena. Watu wa msituni wenye silaha walifika alasiri, na yeye alikimbia akiwa shambani, na panga mkononi. Alitembea siku mbili. Alilala wiki tatu Bungulu, mjini Beni, kwa Mama Halima, muuza vitenge ambaye alikuwa akinunua kwake nguo za sikukuu, halafu Papa akamleta hapa. Hazungumzi sana juu ya siku hiyo. Juu ya sufuria anazungumza. Aliacha sufuria tatu juu ya mafiga, za harusi yake, na maharagwe ndani.

Mama hataki ashike kazi yoyote. Unajua desturi ya nyumba yetu: mwenye msiba anawekewa kiti, analetewa maji, hasogelei moto. Leo asubuhi Tante aliingia jikoni akachukua sufuria ya ugali.

"Yaya, acha," Mama alisema. "Mugeni hashikake sufuria."

"Mwezi ya pili mi niko mugeni? Basi munipige musumari ku ukuta wa salon, sawa picha."

Mama alicheka, lakini sufuria aliichukua. Tante alirudi kwenye kiti. Jioni, wakati wa chakula, alisema kakao yake inaiva Novemba na kwamba atarudi kuivuna. Papa aliacha kula. "Kurudi wapi?" alisema.

27 Septemba

Jaribio la 2 na la 3. Digrii 730. Masizi laini, yanapaka kidole. Mvua ya mawe.

30 Septemba

Nimegundua kwamba Tante anasugua sufuria kwa siri tukiwa shule. Vitako vyote vinang'aa. Mama anajua, ananyamaza. Kwa Tante sufuria yenye kitako cheusi ni kama mtoto mwenye kamasi: huwezi kumpita hivihivi.

4 Oktoba

Jaribio la 4. Papa ameziba nyufa za tanuru kwa udongo, tukafika 748. Kisahani kimetoka cheusi kwa usawa. Prof alikiangalia muda mrefu akasema, "Mmm." Asma anasema hiyo ni alama nzuri kuliko ile ya mtihani wake.

11 Oktoba

La 5. Bomba la argon lilichomoka katikati. Hewa iliingia, kila kitu kikaungua. Kosa langu, sikukaza kishikizo. Chupa namba 5 ni tupu, nimeandika hivyo kwenye karatasi yake.

12 Oktoba

Hakuna kitu. Ndege ndogo zimepita tangu asubuhi kuelekea uwanja wa Rughenda. Tante anainua kichwa kila mara.

18 Oktoba

La 6 na la 7. Yamekaribia. Pakiti imebaki na kijiko kimoja cha mwisho.

25 Oktoba

Jaribio la 8, la mwisho kwa chumvi yako. Yaya, lilikuwa zuri. Joto lilisimama 752 dakika arobaini bila kuyumba. Papa alikuwa kwenye kipepeo kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisahani kilipotoka kilikuwa na kitu kilichosimama, kama nywele za mtoto mchanga zilizokatwa karibu. Prof hakusema "Mmm". Alivua miwani.

Kilikuwa bado na joto, kwa hiyo hatukukikwangua. Paa la karakana linavuja upande wa rafu, nikaogopa mvua. Nimekileta jikoni, nimekifunika kwa kikombe juu ya kabati. Kesho baada ya misa nitakitia chupa namba 8.

26 Oktoba

Niliahidi kuandika yote.

Tumetoka misa saa tano. Tante hakwenda, alisema mguu unamuuma. Nilivua viatu, nikaingia jikoni, nikainua kikombe. Chini yake hapakuwa na kitu. Kabla sijauliza, Tante aliingia kutoka uani akiwa amenyoosha mkono, na kwenye kiganja chake kulikuwa na kisahani, cheupe kama kilivyotoka kwako.

"Katu, angalia," alisema. "Ilikuwa nyeusi sawa makala. Nilisugua mpaka mukono iliuma. Mutoto ya shule hawezi kutumia kitu ya vile."

Alikuwa anatabasamu. Ninaandika hilo kwa sababu lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu Agosti, na mimi ndiye niliyelizima.

Sikupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Nilisema polepole, kwa sauti ninayoitumia kusoma mbele ya darasa: "Tante, kwa nini ulishika? Si uko mugeni? Mugeni anakalaka."

Mkono wake ulibaki vilevile umenyooshwa. Halafu alikiweka kisahani juu ya meza, taratibu sana, akafuta vidole kwenye kitenge. "Ndiyo, Katu," alisema. "Iko kweli."

Akatoka.

Nilikaa na kile kisahani. Prof alipopata habari alikuja mwenyewe, mvua ikimlowesha. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani alikiweka jikoni?" Nikasema mimi. "Andika basi," akasema. Nimeandika.

27 Oktoba

Tante ameondoka alfajiri. Ameacha sufuria zote zimepangwa kwenye ukuta, vitako vikitazama mlango, vinang'aa mpaka unajiona. Papa alipiga simu kumi na mbili. Saa nane Mama Halima akajibu: yuko kwake Bungulu, amefika salama, hataki kuzungumza.

Papa alinipa makala ya kubeba.

28 Oktoba

Mvua.

29 Oktoba

Mvua. Mama amepika viazi, hakuna aliyemaliza.

30 Oktoba

Papa Yassini alirudi kutoka Beni. Anasema Tante anawauliza wanawake wa Oicha lini wataingia tena kwenye mashamba. Anataka kwenda nao. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikasimama chini ya paa la karakana, pale panapovuja.

1 Novemba

Prof alisema, "Chumvi imekwisha, lakini kazi haijaisha. Hatujafanya jaribio tupu." Anataka tupitishe mvuke juu ya kisahani kisichotiwa kitu chochote, tuone mawese peke yake yanatoa nini. Kilichokuwa karibu ni kile alichosugua Tante. Nilikishika kwa koleo, sikutaka kukigusa. Jaribio la 9. Digrii 750, dakika arobaini.

Tulipokivuta kisahani, Papa ndiye aliyeona kwanza. Aliita, "Prof, hii iko tupu?"

Hakikuwa tupu. Kilikuwa na manyoya meusi kuliko jaribio la 8, yamejaa mpaka ukingoni. Nilipuliza kidogo, yakainama, yakasimama tena. Asma alileta sumaku ya spika iliyokufa. Unga uliifuata kama vifaranga.

"Sumaku inasema kuna chuma," Prof alisema. "Haisemi kuna mirija. Tusiharakishe." Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaharakisha, aliweka kofia juu ya makala.

Swali ni hili: chuma hicho kimetoka wapi? Hatukutia kitu.

2 Novemba

Tulienda makaburini asubuhi, kama kila mwaka. Nilipokuwa ninang'oa majani kwenye kaburi la familia, nikakumbuka vidole vya Tante siku ile. Vilikuwa vyekundu. Kwenye kucha, na kwenye kitenge alipovifutia. Nilirudi mbio hadi uani. Nyuma ya choo kuna jiwe la kutwangia, na kando yake vipande vya tofali jekundu: ndilo analosugulia sufuria.

Nilimweleza Prof kwenye simu ya Papa. Alisema udongo unakuwa mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma. Tofali lililochomwa ni chuma kilichosambaa kila mahali ndani ya udongo. Tante hakuusafisha ule weusi tu. Alikipaka kisahani kichocheo.

"Lakini," Prof alisema, "kile kisahani kimekula chumvi ya Kavuo mara nane. Labda ni mabaki. Tunahitaji kisahani kipya."

Tunavyo viwili.

5 Novemba

Jaribio la 10. Kisahani cha pili, kipya. Nimetwanga tofali, nimesugua kwa nguvu zangu zote mpaka kiganja kimechubuka. Digrii 751. Matokeo: masizi ya kawaida, mabaka mabaka. Yanapaka kidole. Nimeyatia chupa namba 10.

Nilifanya kila kitu alichofanya yeye. Kwa nini haikukubali?

6 Novemba

Kimebaki kisahani kimoja.

Asma aliniambia leo darasani, akiangalia ubao: "Unajua mutu yenye anajua jibu. Unaogopa tu barabara."

"Siogope barabara."

"Basi unaogopa yeye."

8 Novemba

Papa alikubali kwa sharti kwamba nikae mbele na Papa Yassini na turudi kabla ya giza. Asma alikuja pia. Lori lilibeba sabuni na mabati. Matope yalitushika mara mbili, lakini tulifika Beni saa sita.

Nyumba ya Mama Halima iko nyuma ya duka lake la vitenge. Wanawake watano walikuwa uani wanachambua maharagwe, na Tante mmoja wao, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniona akaendelea kuchambua.

"Karibu, mutoto ya Butembo," Mama Halima alisema. "Weye njo ule wa digrii mia saba? Huyu dada yangu hapa anasugua sufuria yangu mpaka zinatoboka. Sasa unataka nini, umurudishe ao unilipe sufuria?"

Wanawake walicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima na yote yalikuwa yamedondoka njiani, kwenye matope ya Maboya. Nilipiga magoti kwenye maganda ya maharagwe nikasema, "Tante, nilikuja kuomba musamaha. Ile neno nilisema haikuwa ya kweli. Haikuwa hata yangu. Nilikuwa na hasira."

Alichambua punje tatu, nne. "Ilikuwa ya kweli kidogo," alisema. "Niliharibu kazi yenu."

"Hapana. Na nilikuja tena kuuliza kitu."

Nilitoa kwenye mfuko visahani viwili, kile cha kwanza na kile cha pili, kila kimoja kwenye kitambaa chake. Alishika cha pili, kile cha jaribio la 10. Alipitisha kidole gumba juu yake, akakigeuza kwenye jua, na uso wake ukabadilika kama wa fundi anayeonyeshwa kazi mbovu.

"Nani alisugua hii?"

"Mi."

"Na nini? Na changarawe?"

"Na tofali, sawa weye. Nilitwanga muzuri."

Hapo alicheka. Yaya, alicheka kile kicheko unachokikumbuka, cha kurudisha kichwa nyuma, na ndoo ikayumba. Aliwaonyesha wenzake mikwaruzo. "Angalieni. Batoto ya leo. Wanasoma chimie."

Kisha alinieleza, na nikaandika palepale, kwa maneno yake:

"Unakamata tofali ya ndani ya tanuru, yenye iliiva muzuri, nyekundu sawa pilipili. Ile ya pembeni hapana. Unatwanga. Sasa usisugue, ungoje. Unatia mu maji, unakoroga, unasali Baba Yetu moja polepole. Mazito inaenda chini. Ile maji nyekundu yenye inabakia juu, unaimwanga mu kitu ingine, unaacha ilale mpaka asubuyi. Asubuyi unakuta matope chini, laini sawa poda ya mutoto. Njo ile tu ya kusugulia, na jani ya ndizi yenye imekauka. Ile mazito inakwaruza, unaitupa. Mama yangu alikuwa ananipiga sababu ya ile mazito."

Mazito na laini. Yaya, mimi nilisugua kwa chembe kubwa. Yeye aliziacha kubwa zizame, akachukua zile tu ambazo ni ndogo mno kuzama haraka. Nimesoma mwezi mzima kwamba ukubwa wa chembe ndiyo siri ya kila kitu, halafu ninamwita mgeni mtu anayejua kuzitenganisha kwa sala moja.

Nilimweleza. Nilimwonyesha manyoya yaliyobaki kwenye kona ya kisahani cha kwanza. Hakuyagusa. "Hii yenye niliondoa siku ile, mukatafuta tena, ikatoka?"

"Ilitoka mingi kuliko ya kwanza. Sababu ya weye."

"Mmm," alisema, kama Prof.

"Tuko na kisahani moja tu yenye imebakia. Siwezi kuisugua mi."

Aliangalia maharagwe. Mama Halima alisema, bila kuinua macho, "Enda, dada. Sufuria zangu zipumzike." Na Tante akasema kwamba atakuja kwa Jumamosi moja tu, kazi ikiisha atarudi Beni, maana kakao haimngojei mtu.

Tulirudi watatu mbele, Asma juu ya magoti yangu. Kwenye njia panda ya Kyavinyonge Tante alisema, "Mama yako anisugulishe sufuria zake pia, ao nashuka hapa."

9 Novemba

Mama amempa Tante sufuria. Zote. Na kisu cha vitunguu.

14 Novemba

Tofali limetwangwa. Prof alipima Baba Yetu ya Tante kwa saa ya simu: sekunde ishirini na nane. Alimwomba asali tena ili ahakikishe, ikawa ishirini na nane. "Prof," Tante alimwambia, "Mungu hapimwake na simu." Matope yamelala kwenye bakuli chini ya kitambaa.

15 Novemba

Jaribio la 11. Kisahani cha tatu, cha mwisho, kipya kabisa. Tante alisugua robo saa kwa jani la ndizi, kwa kuzungusha, hakubonyeza. Alikisuuza kwa maji ya mvua. Kwa macho kilikuwa cheupe tu. Papa alikuwa kwenye makala, Prof kwenye kipimajoto, Asma kwenye argon, mimi kwenye mawese. Tante alikaa kwenye kiti karibu na mlango, halafu akakisogeza karibu, halafu tena. Digrii 750. Dakika arobaini. Mvua ilipiga mabati mpaka hatukusikiana, tukaonyeshana kwa vidole.

Kimetoka cheusi. Manyoya marefu kuliko ya 9, yamesimama pamoja kama majani ya shamba moja. Hayapaki kidole. Yanafuata sumaku.

Papa aliweka mkono juu ya bega la dada yake. "Sasa hii," Tante aliuliza, "hii tunaiacha chafu?"

"Hii tunaiacha," Papa alisema.

Safari hii nilikwangua palepale, kikiwa bado cha moto. Chupa namba 11.

16 Novemba

Tante hakurudi Beni. Hakuna aliyemkumbusha.

22 Novemba

Lakini leo amepigiwa simu. Kakao imeiva, nyingine inaoza mtini. Wanawake kumi na wanne wataingia pamoja tarehe 10 Desemba, askari watawasindikiza kwenda. Juu ya kurudi hawakuambiwa kitu. Papa alisema hapana. Tante alisema yeye ndiye mkubwa kwa Papa. Mama alitoka nje. Nilibaki na kitabu changu, nikasoma ukurasa mmoja mara tano.

24 Novemba

Mvua. Mtihani wa hesabu, umeenda vizuri.

26 Novemba

Tante amekunja vitenge vyake viwili. Amevikunjua.

30 Novemba

Leo baada ya misa nilimsomea daftari hili, tangu mwanzo. Nilidhani nitaruka tarehe 26 Oktoba, lakini niliisoma. Alikuwa anamenya ndizi. Nilipofika kwenye tabasamu aliacha kumenya kidogo, akaendelea.

"Ile jibu ya Kavuo," aliuliza mwishoni, "itakuja siku gani?"

"Kiisha tarehe kumi na munane."

"Bale banaenda tarehe kumi."

"Najua, Tante."

Alimenya ndizi nzima. Mimi nilihesabu: ilikuwa ndefu kuliko Baba Yetu.

"Na kama iko ile mirija?"

Nikamwambia alichosema Prof: kwamba kama ni mirija, kazi ndiyo inaanza. Tutahitaji majaribio ishirini kabla ya Pasaka, kwa matofali ya kila tanuru la Butembo, na hakuna mwingine anayeweza kuyaandaa. Prof ameandika jina lake kwenye mpango, baada ya lako na kabla ya langu.

"Na kama iko masizi?"

Alijijibu mwenyewe. "Kama iko masizi, kundi ya pili inaingia tarehe mbili Januari. Mutu hawezi kukaa juu ya kiti maisha yote, Katu. Lakini tarehe kumi bataenda bila miye. Nataka kwanza nijue nilisugua nini."

Papa alikuwa mlangoni. Alirudi karakana bila kuingia. Nilisikia nyundo ikianza, haraka mno, hakuna chuma kinachopigwa hivyo.

3 Desemba

Jua siku nzima, mara ya kwanza tangu Septemba. Sufuria za Mama ziko uani zinachoma macho.

6 Desemba

Papa Yassini anaondoka kesho asubuhi kwenda Kasindi. Ndugu yake Mashaka atachukua kifurushi mpakani na kukipeleka mpaka Kampala, kwa yule mwenzako anayesafiri tarehe 12. Chupa ziko kumi na moja kwenye pamba. Namba 5 na namba 8 ni tupu, usidhani zimemwagika. Ukiwa na muda wa chupa moja tu, chukua namba 11. Kuna pia kifuko cha matope ya Tante na jani moja la ndizi, ukitaka kujaribu huko. Prof anakusalimu. Asma anasema uweke picha ya sumaku yake kwenye ripoti.

Utaona hapa juu ya ukurasa mistari mitatu niliyoikata. Usijaribu kuisoma. Nilikuwa ninakuomba kitu kuhusu jibu lako, ili Tante asiende tarehe mbili Januari. Nilipokuwa ninaandika, Tante alipita nyuma yangu akiwa na ndoo, akasema bila kusimama, "Umwambie Kavuo asinionee huruma. Aandike kitu yenye anaona." Sijui alijuaje, hasomi Kiswahili cha vitabu haraka hivyo. Nikaikata. Ni wino, ndiyo maana inaonekana.

Sasa yuko uani, ninamsikia. Anatwanga tofali. Nilimuuliza la nini, kwa kuwa hakuna kisahani kipya kilichobaki, akasema tofali linakawia kutwangwa, bora liwe tayari.

Weka simu yako karibu tarehe 18, na ukitoka tu kwenye hadubini mpigie Papa, hata kama ni wakati wa misa. Tutakuwa sote karibu na moto. Usianze kwa salamu. Jibu hili kwanza, Yaya, na ujibu kile unachoona: ndani ya chupa ya kumi na moja kuna mirija, au ni masizi tu?